Thermostati ya Kariakoo ilivyotaka kunichomea chatu, na yule muuzaji sijamsamehe

Nyota moja. Na hiyo moja naupa mkeka wa joto, thermostati haina chake hapa. Mkeka masikini hauna kosa, kazi yake kupata moto na moto uliupata, shida ni kile kidude kilichotakiwa kuuambia basi inatosha.

Kabla hamjaanza: ndio, nafuga nyoka, ndio, niko Dar, na kibali ninacho, maana sheria ya wanyamapori ya 2009 haitanii na mi sina hela ya faini. Ni chatu mdogo, wale Python regius wa Afrika Magharibi ambao wakiogopa wanajiviringisha kichwa katikati wanatulia. Anaitwa Shangazi. Hali watu. Hata panya hampati akiwa hai, anapewa wa kwenye friza aliyeyeyushwa.

Sasa lile swali la kila mtu, Dar joto lote hili unampashia nyoka joto la nini. Sikilizeni. Mwezi wa kwanza wa pili sawa, hata mimi nalala chini kwenye tailizi na mkeka hauwaki kabisa. Lakini ikifika wa sita wa saba kusi linavuma, usiku huku Mbezi unaweza kukuta nyuzi 20 au chini ya hapo kidogo, na chatu hana joto lake mwenyewe, analitoa nje. Huyu anataka upande mmoja wa boksi uwe 31, 32 hivi, upande wa pili 25 mpaka 27, achague mwenyewe alale wapi. Akishiba halafu akakaa kwenye baridi chakula hakisagiki, kinaozea tumboni anakitapika, na ile harufu usiombe. Ila kwa Dar hatari kubwa sio baridi, ni kuzidisha, maana mchana chumba chenyewe kishafika 30, sa mkeka ukiendelea kuwaka juu ya hapo tunaelekea wapi? Ndo maana kwa huku mi nasema thermostati kwanza, mkeka baadae.

Thermostati zenyewe Kariakoo zipo, wanawauzia watu wa kutotolesha vifaranga, zile zinazoonyesha namba nyekundu zina kiwaya cha senso ya kupima joto. Duka silitaji. Nikatoa elfu 45 bila risiti, maana risiti nayo ilikuwa na bei yake. Nikaweka mkeka chini ya boksi, theluthi tu ya sakafu ili Shangazi awe na pa kukimbilia, senso nikaibana katikati ya mkeka na boksi, nikaseti 32. Na kusema kweli mwanzoni ilikuwa tamu. Inazima inawasha, tik, tik, Shangazi anakula anasaga anajisaidia vizuri, siku hizo ningeandika hapa mngepata nyota tano na mashairi juu.

Halafu ikaja ile siku, sijui mwishoni mwa mwezi wa sita au wa saba ulishaingia, umeme ulikuwa wa kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, mnaijua michezo hiyo. Usiku naamka kunywa maji nakuta Shangazi kajitumbukiza mzima kwenye bakuli lake la maji, na huyu hana tabia hiyo labda awe anakaribia kujivua gamba. Naweka mkono chini ya boksi, mama yangu! Naangalia kidude kinasoma 47. Arobaini na saba!! Na kilichoniua ni hiki, kile kitaa chake cha kuonyesha umeme unakwenda kwenye mkeka kilikuwa KIMEZIMA. Yaani chenyewe kinajua joto limepita, kimezima kitaa chake, kinaniandikia 47 bila aibu, na mkeka unaendelea kuwaka. Nikachomoa plagi mkono unatetemeka. Magamba ya tumbo yalikuwa mekundu mekundu, malengelenge hakuna alhamdulillah, na baada ya kujivua gamba yakarudi kawaida, lakini nyoka wanaweza kulalia kitu kinachowaunguza na wasitoke, wengi wameungua hivyo hivyo tumbo zima kabla mwenye nyoka hajajua. Huyu wangu bakuli ndo lilimsaidia.

Nikarudi dukani. Mwanzoni kaka wa watu mpole kabisa, "pole dada, mayai yameungua?" Nikamwambia hapana, sio mayai, ni nyoka. Kimya. Halafu akaanza kucheka, sio kicheko cha kawaida, kile cha kuita wengine. "Oya njooni, kuna mteja huku anampasha nyoka!" Wakaja watatu wanne toka duka la pili. Mmoja ananiuliza kwani nyoka ana blanketi. Nikavumilia, nikasema kaka yangu nibadilishie tu, hii imegoma kuzima. Akaacha kucheka akakunja sura, eti nimeizidishia mzigo, hii ya kuku.

Jamani. Mkeka wangu ni wati 16. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya ampia moja, na kwenye kidude kimeandikwa ampia 10. Wenye inkubeta wanafunga balbu za wati 60, nyingine 100, tena kadhaa kwa mpigo, hao hawazidishi mzigo? Nikamweleza hivyo hivyo, polepole. Badala ya kujibu akanionyesha karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, halafu akawageukia wenzie akasema, nimenukuu, "siku hizi mpaka wanga wanakuja kununua mchana." Mama mmoja aliyekuwa ananunua balbu pembeni yangu akavuta mkoba wake akasogea. Mimi! Nimevaa kitenge cha kazini, nina kitambulisho shingoni!

Sijui nilitokaje pale.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi friji mtaani kwetu. Nikamwamkia, nikamuachia kidude, hakuuliza cha nini. Akakifungua akagonga kitu kwa mpini wa bisibisi, tik, kikaachia. Akaniambia mwanangu, hii rilei, ndani ina vyuma viwili vinagusana na kuachana, kila vikiachana vinatoa cheche kidogo, kikiwa cha bei rahisi na umeme unachezacheza vinagandana, hapo thermostati inaamuru zima na hakuna wa kusikia. Akatia rilei nyingine, elfu 5 tu na ufundi humo humo. Wakati naondoka ndo akauliza ya kazi gani. Nikamwambia ukweli. Akasema "mlete basi huku kwangu, panya wamezidi."

Na toka hapo kidude kinafanya kazi vizuri tu, kwa hiyo labda niseme ni kizuri? Nyota tatu? Rilei yake ndo mbovu, ubongo wake mzima. Ukipata fundi wa kukubadilishia kabla hujakitumia, nunua. Na usinishauri balbu, nyoka anaipanda anaungua na mwanga usiku unamsumbua, na yale mawe ya umeme ya kulaliwa na nyoka apate joto ndo usithubutu kabisa. Fundi alinishauri niweke thermostati mbili, umeme upite ya kwanza kisha ya pili, ya kwanza nimeseti 32 ya pili 35, ya kwanza ikiganda ya pili inakata. Mbili kuganda siku moja, hiyo sasa itakuwa kazi ya yule muuzaji kweli.

Lakini hiyo ya pili nikaitafuta wapi? Nimezunguka, zipo za aina nyingine senso zake haziaminiki, ninayoitaka ipo pale pale kwa yule yule. Siendi. Nikamtuma kijana wangu wa bodaboda, nikampa elfu 45 kamili na nikamwambia ukiulizwa sema ni ya vifaranga.

Karudi na kidude, risiti, na chenji elfu 15.

Nimekaa naiangalia hiyo chenji. Kidude ni kile kile, boksi ni lile lile, hata stika imebandikwa upande kama ya kwangu. Kwa hiyo mi nilitozwa elfu 15 zaidi, tena siku ya kwanza kabisa ambapo hakujua habari ya nyoka wala nini, na nikachekwa juu, na nikaitwa mwanga juu! Zile nyota tatu nazifuta. Na ile moja ya mwanzo msidhani ni ya duka, nimeshasema ni ya mkeka.