Makarani wa kodi wa steshenari Mtwara mjini: daftari wanaliweza, pingamizi bado

Kwenye steshenari nyingi za Mtwara mjini, kando ya mashine ya fotokopi, hakosi karani anayewashughulikia wenye maduka kodi zao: kuomba TIN (namba ya mlipakodi), kupanga hesabu na, wakikasirika, kuandika pingamizi, yaani barua ya kupinga kodi waliyokadiriwa. Ubora wa kazi hizo haulingani hata kidogo.

TIN ni jambo jepesi. TRA, Mamlaka ya Mapato, haiiuzi, hapo unalipia kuchapiwa na bando. Ukitajiwa "bei ya TIN", uliza unauziwa nini.

Daftari ndilo linalostahili hela yako. Chukua genge lenye mauzo ya milioni 9 kwa mwaka. Bila kumbukumbu, jedwali la kodi la wafanyabiashara wadogo linalidai 250,000. Likiwa na kumbukumbu, linalipa 90,000 na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7, yaani 60,000 nyingine. Jumla 150,000, laki nzima inabaki dukani. Karani anayejua kazi hukuchorea safu za tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu na manunuzi, kisha anakudai daftari kila wiki. Asiyejua anakuacha uandike faida, wakati kodi hii inahesabiwa kwenye mauzo. Mbaya zaidi ni daftari la usiku mmoja: 25,000 kila siku, mwezi mzima, kalamu ileile, hata siku ya Idi. Afisa akilifungua tu ameshajua. Risiti za mashine nazo hufifia, hivyo zitolewe kopi mapema. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5.

Kusini kuna mtego wake, korosho. Kuanzia Oktoba fedha za minada zikiingia mitaani, duka linauza kuliko miezi mingine yote. Mauzo ya wiki moja ya Novemba yakizidishwa kwa wiki 52, makadirio yanapaa. Dawa yake ni kurasa za Machi na Aprili, zile unazoona aibu kuzionesha kwa sababu siku nzima umeuza sukari na sabuni.

Kwenye pingamizi makarani wengi wanaanguka. Barua zao zinalalamika: hali ngumu, watoto, ada. Pingamizi linataka hoja: kiasi kilichokadiriwa, kiasi unachokubali, tofauti imetoka wapi, na kurasa za daftari zimeambatishwa. Liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio. Kisha kuna amana, ambayo wengi wanaielewa nusu. Utasikia "lipa theluthi tu". Sheria inataka theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishia, kile kilicho kikubwa. Kwa genge letu lililokadiriwa 250,000 na linalokubali 150,000, theluthi ni kama 83,000, lakini linatakiwa kuweka 150,000. Ukipeleka 83,000, pingamizi halipokelewi na siku zinaendelea kuhesabiwa. Kama hela haipo, unaomba kwa maandishi upunguziwe amana. Karani asiyekuambia hilo hajakusaidia.

Wapo wanaoona njia hii ni ya wanyonge na wanataka kufunga maduka, kama Kariakoo Mei 2023, mgomo uliomfikisha Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, mwana wa Ruangwa, mbele ya wafanyabiashara. Huko Marekani, Vivien Kellems, mwenye kiwanda cha vishikio vya nyaya Connecticut, mwaka 1948 aligoma kuwakata wafanyakazi wake kodi. Serikali ilipochota fedha kwenye akaunti ya kampuni, alikwenda mahakamani kuzidai. Hata mgomo wake, basi, ulihitaji makaratasi.

Mwenye mauzo yanayozidi milioni 11 asitegemee kaunta hizi: hapo kuna mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na hesabu nyingine, atafute mhasibu. Wewe wa chini ya hapo, kabla hujalipia pingamizi, mwombe karani akuoneshe nakala moja aliyowahi kuandika, jina la mteja likiwa limefunikwa, yenye muhuri wa kupokelewa. Akianza kutafuta kwenye droo huku anakusimulia, chukua daftari lako uondoke.