Olympus OM-D E-M10 Mark II kwenye taa za Siku ya Taifa Maskati: uzoefu wangu

Kwa kazi ya taa za sikukuu usiku, kamera hii naipa nne na nusu kwa tano. Ni ya 2015, megapikseli 16, mtumba wa duka moja la Ruwi hapa Maskati, pamoja na lenzi yake ya milimita 14-42 haikufika riali 100. Kwa watoto wanaokimbia ufukweni Qurum, simu yoyote mpya itakupa picha ya kupendeza kwa taabu ndogo zaidi. Lakini usiku wa Novemba, barabara zikishavishwa taa, sijaona kitu cha bei hii kinachoifikia, na sababu ni moja tu: ina Live Composite, njia ya kurundika picha nyingi kuwa moja.

Kwa msiokaa huku, karibu miaka yote ya Sultan Qaboos Siku ya Taifa ya Oman ilikuwa 18 Novemba, siku aliyozaliwa. Mwaka 2025 Sultan Haitham aliihamishia 20 Novemba, kwa kumbukumbu ya 1744, mwaka ulioanza utawala wa Al Busaidi. Sisi wa asili ya Unguja ukoo huo hatuhitaji kutambulishwa. Tarehe imesogea, mapambo ni yale yale: nguzo, mitende na kuta za majumba zinawekwa taa nyekundu, nyeupe na kijani, na Barabara ya Sultan Qaboos inawaka kilomita kwa kilomita.

Sasa jaribu kuipiga kwa njia ya kawaida. Unataka magari yaache mistari mirefu ya mwanga, kwa hiyo shata inabidi ikae wazi sekunde 30 au zaidi. Lakini taa za nguzoni hazitembei. Kila sekunde zinaongeza mwanga pale pale, mpaka mistari ya magari ikikolea, taa zenyewe zimeshaungua na kuwa madoa meupe. Ukilibana tundu la lenzi hadi f/22, dogo kabisa, ili kuziokoa, picha nzima inapoteza makali, khasa kwa sensa ndogo kama ya hii.

Live Composite inalizunguka tatizo hilo. Unaweka gurudumu la juu kwenye M, unazungusha muda wa shata upite sekunde 60, unakutana na Live Bulb, kisha Live Time, mwisho Live Composite. Unachagua muda wa picha moja ya msingi. Mimi kwa barabara iliyopambwa huwa kwenye sekunde 1 au 2, f/8, ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 200. Kubonyeza kwa kwanza kunaiandaa kamera ipime chembechembe zinazojitokeza gizani. Kwa pili inaanza. Inapiga picha ya msingi, halafu inaendelea kupiga nyingine kwa muda ule ule, ila katika kila moja inachukua sehemu zilizong'aa kuliko zilivyokuwa, na kuziacha nyingine kama zilivyo. Taa ya nguzo haijabadilika, basi haiongezwi kitu. Gari lililopita lilikuwa halipo, basi mstari wake unaingia. Ukitosheka unabonyeza mara ya tatu. Na yote hayo unayaona kwenye kioo yakitokea, huna haja ya kubahatisha.

Bibi mmoja aliyekuwa akivuka pamoja na mjukuu wake daraja la waenda kwa miguu nilipokuwa napiga alinisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, akasimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akainamia kioo. "Mwanangu, mbona inajichora yenyewe?" Nikamwambia hayo ni magari ya chini, bibi, ila yenyewe yameshapita. Mjukuu akaanza kuhesabu mistari myekundu, wakanichelewesha, sikujali.

Daraja lile ndilo ninalolipenda kuliko sehemu nyingine yoyote, na kuna hila ndogo ya rangi pale. Huku magari yanakwenda upande wa kulia. Ukisimama katikati ya daraja ukitazama barabara, yanayokuondokea yapo kuliani kwako na yanaacha mwekundu. Yanayokujia yapo kushotoni na yanaacha mweupe. Ukisubiri mafundi wawe wamewasha kijani kwenye nguzo za katikati, unapata rangi za bendera ya Oman zimelala juu ya lami, bila kuhariri chochote. Kwa wa Dar na Unguja pande zitageuka, kwa kuwa kwenu mnaendesha kushoto.

Shida ya daraja ni kwamba linacheza. Mtu akipita kwa haraka unausikia mtikisiko miguuni. Katika picha ya kawaida ya sekunde 30, mtikisiko wa nusu sekunde karibu hauonekani, umezamishwa na muda uliobaki. Kwa Live Composite hakuna kuzamishwa: taa ikihama hata kidogo, pale ilipohamia palikuwa na giza, kwa hiyo kamera inaona mwanga mpya na kuubakiza. Kila balbu inaota pacha wake. Kwa hiyo nakaa mwishoni mwa daraja, juu ya nguzo inayolibeba, ambapo halidundi kama katikati. Uimarishaji wa ndani ya kamera, ule wa mihimili 5 unaotuliza mtikisiko wa mkono, nauzima ikiwa juu ya tripodi. Nafyatulia kwa waya, kidole sikigusi kitufe.

Tripodi nayo ina maneno yake. Niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa nyepesi, ya kampuni nisiyotaka kuitaja, na vibana vyake vya plastiki vilikuwa vinateleza polepole. Kwa jicho huoni, kwa taa mia tatu unaona. Kamera hii na betri yake haifiki gramu 400, kwa hiyo hauhitaji tripodi ya kifahari, unahitaji isiyoteleza na yenye ndoano katikati ya kutundikia mkoba. Nguzo ya katikati usiipandishe.

Kijani cha taa za LED ndicho kinachotesa zaidi. Taa hizo zinatoa kijani kitupu, hivyo grafu ya jumla ya mwanga itakuambia upo salama ilhali kijani peke yake kimeshajaa. Matokeo ni mabaka bapa, mnyororo wa taa unakuwa utepe mmoja. Napunguza mwanga stopu moja, yaani nusu, chini ya kile ambacho macho yanataka, napiga RAW (faili ghafi), na rangi ya mwanga (white balance) naifunga karibu na kelvini 3,800. Ukiiachia oto, ukuta uliojaa kijani unaisukuma kamera ikupe ngozi za watu za zambarau.

Tena usisubiri usiku uingie wote. Mwishoni mwa Novemba jua la Maskati linazama kiasi cha saa 11 na dakika 20 jioni, na kile kibuluu cha angani kinachoikaa vizuri taa nyekundu hakifiki Isha. Naswali Magharibi kwanza, msikiti wa karibu na daraja, nikitoka bado nina dakika kama 15 za rangi nzuri kabisa. Tripodi inanisubiri ndani ya gari ikiwa imeshakunjuliwa.

Na kuhusu gari: huku tunaendesha kwa kiyoyozi hata Novemba. Ukitoa kamera iliyokuwa kwenye kiti cha mbele ukaingia nayo kwenye unyevu wa pwani, lenzi inavaa ukungu papo hapo, na ukiufuta unarudi. Iweke kwenye buti, ambako ubaridi haufiki.

Sasa ile nusu niliyoinyima. Live Composite haifai kila mahali. Taa zinazobadilika rangi ni adui yake: pale pale ukutani panapita nyekundu, kisha kijani, kisha buluu, kamera inabakiza zote, mwisho unapata weupe uliochoka. Kwa majengo ya namna hiyo napiga picha moja ya nusu sekunde, basi. Mutrah pia huwa naizima. Kutoka kornishi, barabara ya kando ya bahari, unapata ngome juu ya jabali na taa zikianguka baharini, lakini kila wimbi likimetuka Live Composite inalihifadhi, na baada ya dakika moja bahari inang'aa kuliko mji. Sekunde 15 za kawaida kwa f/8 zinalainisha maji kwa haki. Bendera kubwa ya Al Khuwair, ile ya mlingoti wa mita 126, ikiwa na upepo inageuka wingu jekundu kwa njia yoyote ya muda mrefu. Ipige peke yake kwa kasi, tripodi ikiwa hapo hapo, uje uziunganishe nyumbani.

Halafu kamera yenyewe haijakingwa dhidi ya maji wala vumbi, na katika Live Composite ISO inaishia 1600, ingawa kwa mji uliowashwa hivi sijawahi kuihitaji zaidi ya 400. Ndani ya souk (soko) ya Mutrah, ambako tripodi ni kero kwa watu, uimarishaji wake unanitosha: nikiegemea ukuta nashika nusu sekunde kwa mkono mtupu.

Kuna la adabu pia. Askari, vizuizi vya polisi na milango ya kasri, lenzi iangalie kwengine. Familia zilizokuja kutazama taa, uliza kwanza. Droni bila kibali usiipeleke hata kwa mzaha.

Ukipata ya kununua, jua kwamba Olympus waliuza kitengo chao cha kamera, na tangu 2021 kipo chini ya OM Digital Solutions, ila betri za BLS-50 bado zinapatikana. Chukua mbili, kwa maana kazi hii inazila. Dukani, kabla ya kutoa hela, funika lenzi, zima Noise Reduction isije ikazificha kasoro, weka ISO 800, piga sekunde 60 za giza, kisha kuza picha kwenye kioo utafute nukta nyekundu na buluu. Ukiziona, muulize muuzaji aendeshe Pixel Mapping, ile ya kuficha nukta mbovu za sensa, iliyomo kwenye menyu, ipigwe tena. Zikibaki, bei ishuke, au mwachie kamera yake.