Kampuni ya uuguzi wa nyumbani Nairobi: muuguzi kwa mteja, mhudumu kwenye mshahara

Tathmini hii inahusu kampuni ya huduma za uuguzi wa nyumbani yenye ofisi katikati ya jiji, ambayo sitaitaja kwa jina. Niliifanyia kazi miezi mitano baada ya kuhitimu diploma ya uuguzi, minne kati yake nikiwa nimefanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya lakini sijapata usajili wala leseni.

Sifa zake zipo na nitazisema. Nilipeleka stakabadhi zangu Jumatatu na kufikia Alhamisi nilikuwa nimepangiwa mgonjwa mtaani South B, tena bila kudaiwa ada ya kujiandikisha ambayo baadhi ya wenzangu wa darasa walitozwa kwingine. Siku mbili za mafunzo ya kumgeuza na kumlisha mtu aliyepooza zilikuwa za maana kuliko nilivyotarajia.

Tatizo lilikuwa hadhi. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, haimruhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi bila usajili na leseni, kwa hiyo mkataba wangu uliniita mhudumu wa mgonjwa, kwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Hilo nilikubali, na hata leo naona lilikuwa sawa. (Wenzetu wa digrii huwa na mwaka wao wa internishipu, na angalau hadhi yao ina jina, sisi wa diploma tunaosubiri huitwa chochote anachotaka mwajiri.) Lakini kitambulisho nilichovishwa shingoni kiliandikwa MUUGUZI kwa herufi kubwa.

Jioni ya kwanza, binti wa mgonjwa alitoa kalamu ya insulini kwenye mlango wa friji akanikabidhi, akisema, "Sista, Mzee hudungwa saa moja, kabla hajala." Nilimpigia simu msimamizi wangu, naye akanijibu nidunge tu, kwani si nilifundishwa chuoni? Nilifundishwa kweli, na mikono yangu ingeweza; ila hapakuwa na muuguzi wa kunisimamia, na sukari ya Mzee ingeshuka kupita kiasi usiku ule, jina langu lingetafutwa kwenye rejista ya Baraza lisionekane. Nilimweleza dada yule ukweli. Alimdunga babake mwenyewe, kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akafunga kalamu, kisha akaniuliza: mbona basi wanatozwa shilingi 3,500 kwa kila zamu, bei ya muuguzi?

Sikuwa na jibu. Kwa zamu zangu 22 za mwezi ule, familia ililipa shilingi 77,000 kwa huduma ya muuguzi ambaye hakuwapo, nami nikahesabiwa 24,000 za mhudumu.

Hata hizo hazikufika zote. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha shilingi 17,500. Nilipiga hesabu mwenyewe: 1,440 za NSSF, 660 za bima ya afya ya SHA na 360 za ushuru wa nyumba, jumla 2,460, kwa hiyo nilistahili kupata 21,540. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara kwa maandishi, pamoja na kila kato na sababu yake. Mimi niliyafuatilia wiki tatu, nikapewa karatasi yenye mstari wa "makato mengineyo, 4,040", ambayo kwa mdomo nilielezwa kuwa ni sare mbili. Mkataba haukutaja sare popote. Kuanzia mwezi wa pili malipo yalitimia, tena kabla ya tarehe 5.

Kwa utaratibu wa kazi na mafunzo ningeipa kampuni hii nyota nne, na kwa uaminifu naipa moja. Familia inayoitumia iangalie jina la anayeletwa kwenye tovuti ya Baraza kabla ya kulipa bei ya muuguzi, na mhitimu anayesubiri leseni adai cheo cha kwenye mkataba kiwe ndicho cha kwenye kitambulisho.

Leseni yangu ilipotoka niliwapelekea nakala, wakaandika mkataba mpya ndani ya wiki moja na mshahara ukapanda hadi shilingi 38,000. Kitambulisho hakikuhitaji kubadilishwa.