WhatsApp Business hospitalini: inafaa mapokezi, haifai dharura

Ukurasa wa Facebook wa hospitali ni ubao wa matangazo. Anayetaka kujua kama kliniki ya macho ipo Alhamisi hana haja ya ubao. Anataka mtu wa kumuuliza. Hapo ndipo WhatsApp Business inapoipiku mitandao mingine. Tunaitathmini hapa ile programu ya bure ya simu.

Anza na laini. Iwe mpya, iliyosajiliwa kwa jina la hospitali, kwa sababu ofisa habari anayetumia laini yake binafsi akihama kazi, anahama na wagonjwa wote. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ile PIN ya tarakimu sita itunzwe na mkuu wa idara. Bila PIN, tapeli akimlaghai mhudumu ampe msimbo uliokuja kwa SMS, akaunti imekwenda. Simu kuu inaweza kuunganishwa na vifaa vingine 4, jambo linalotosha dawati la kawaida. Ila simu hiyo ikifungiwa kwenye droo bila kutumika zaidi ya siku 14, vifaa vyote vinatolewa, na mapokezi hubaki wakilaumu intaneti.

Ujumbe wa salamu ndio hospitali nyingi huuchezea, wakajaza dira, dhima na maua. Unaofaa ni kama huu:

“Karibu. Namba hii ni ya miadi, ratiba za kliniki na maelekezo ya kufika. HAIPOKEI DHARURA. Mgonjwa akishindwa kupumua, akivuja damu nyingi, akipata degedege au akipoteza fahamu, piga simu ya dharura [namba] au mlete hospitali mara moja. Tunajibu saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni.”

Hata hivyo kuna mtego. Salamu hutumwa kwa anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Mama aliyeulizia chanjo wiki iliyopita, akiandika usiku kwamba mtoto ana degedege, haioni. Kwa hiyo onyo hilohilo lirudiwe kwenye ujumbe wa kutokuwepo, uliopangwa ujitume nje ya saa za kazi. Nao haujitumi simu ikiwa haina intaneti, basi namba ya dharura iandikwe pia kwenye maelezo ya wasifu. Marudio haya si ya ziada: tiki mbili za kijivu humfanya mtu asubiri, akidhani kuna anayeshughulika naye.

Majibu ya haraka, yaani yaliyoandikwa na kuhifadhiwa mapema, yanaruhusiwa hadi 50. Kumi na tano yaliyoandikwa vizuri yanatosha. Mhudumu anabonyeza mkwaju (/), anachagua, anatuma. Yasiandikwe na ofisi ya habari peke yake: ultrasound ya tumbo la juu kwa kawaida hutaka mgonjwa afunge kula kwa saa kadhaa, ya nyonga mara nyingi hutaka kibofu kijae. Mhudumu akituma jibu la moja kwa mgonjwa wa nyingine, mtu anafika, anarudishwa. Kila jibu lipitishwe na idara husika, likaguliwe upya ratiba inapobadilika.

Lebo, yaani alama za kupanga mazungumzo, ni 20. Zitumike kwa hatua ya kazi, kama “anasubiri jibu” au “malalamiko”, kamwe si kwa jina la ugonjwa. Yeyote anayeshika simu anaziona.

Udhaifu mkubwa uko kwenye picha. Watu hutuma vidonda, majibu ya maabara na vyeti bila kuombwa. Mipangilio isipobadilishwa, picha hizo huingia kwenye galari ya simu, na huenda zikapanda hadi hifadhi ya mtandaoni. Zima kuonekana kwa picha kwenye galari, na chelezo (nakala ya akiba) ikiwepo, iwashiwe usimbaji, ili asiye na ufunguo asiweze kuisoma. Yanayohusu tiba yahamishiwe kwenye faili la mgonjwa.

Kuhusu kutangazia wengi, msiunde kundi la wagonjwa wa kliniki moja. Kila mwanachama huona namba za wenzake, na kundi la kliniki ya VVU limeshawataja wote. Orodha ya matangazo huficha namba, lakini hubeba watu 256 na humfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Chaneli, zilizoanza mwaka 2023, ni bora kwa matangazo ya chanjo au uchangiaji damu, kwani wafuasi hawaonani namba.

Malalamiko ya hadharani yajibiwe bila kuthibitisha kwamba aliyeandika aliwahi kutibiwa kwenu: “Pole kwa usumbufu, tuandikie kwenye namba hii tufuatilie.” Mwaka 2019 kliniki ya meno ya Dallas, Marekani, ilikubali kulipa dola 10,000 baada ya kutaja taarifa za wagonjwa ilipokuwa ikijibu maoni mtandaoni.

Wahudumu wawili kwa zamu wakianza kuzidiwa, ni wakati wa huduma ya kulipia inayounganishwa na mfumo wa kompyuta, kama ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilitumia kutoa taarifa za korona kuanzia Machi 2020. Huko hospitali hujibu kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja. Baada ya hapo hutumwa tu violezo, yaani ujumbe ulioandikwa tayari, vilivyoidhinishwa mapema na WhatsApp. Kwa hiyo kiolezo cha kukumbusha miadi kiombewe idhini kabla ya siku ya kuhama.