SMHAT-1: dodoso la afya ya akili kwa mwanamichezo anayetaka kurudi uwanjani

Mchezaji akivunjika mguu, hapangwi kikosini mpaka picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeunga. Akisimama kwa sababu ya pombe, sonona au hasira zilizomfikisha polisi, kinachoulizwa mara nyingi ni kimoja tu: yuko fiti? SMHAT-1 inauliza yale ambayo swali hilo linayaruka.

Zana hii ni ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ilitangazwa mwaka 2020 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, inapakuliwa bure, na imekusudiwa wanamichezo wa ngazi ya juu wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Anayeiendesha ni daktari wa michezo au mtaalamu wa afya mwenye leseni. Makocha, wazazi na wachezaji wenzake wana karatasi yao, SMHRT-1, inayoeleza dalili za kuangalia na kumwelekeza mhusika kwa mtaalamu. Ukiona kocha ndiye anayegawa SMHAT-1 na kukusanya majibu, kazi imeharibika kabla haijaanza. Nani atamwambia ukweli kuhusu ulevi wake mtu yule yule anayempanga Jumamosi?

Hatua ya kwanza ni maswali 10 yaitwayo APSQ, yanayohusu wiki 4 zilizopita. Kila swali lina alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla ni kati ya 10 na 50. Mengi yanagusa maisha ya timu: kukerwa na wenzako, mazoezi kuwa mzigo, hofu ya kuumia, wasiwasi wa maisha baada ya michezo. Mawili yanagusa penyewe: je, ulihitaji kileo au kitu kingine ili utulie, na je, ulijiingiza kwenye hatari zisizo za kawaida nje ya uwanja? Akifikisha 17 anaingia hatua ya pili. Chini ya hapo, maelekezo yanamwachia aende.

Kwa mtu anayerudi kutoka kwenye matatizo, usimwachie. Piga hesabu: mchezaji anayeweka 5 kwenye pombe, 3 kwenye mambo ya hatari na 1 kwenye maswali 8 yaliyobaki anapata 16. Amepita, ilhali kakuambia kwa mkono wake kwamba hatulii bila chupa. Jumla inameza jibu moja baya, kwa hiyo soma swali moja moja, na mpe madodoso yote ya hatua ya pili hata kama alama ni ndogo.

Madodoso hayo ni 6. GAD-7 hupima wasiwasi na PHQ-9 hupima sonona, yote mawili kwa wiki 2 zilizopita, na kwa yote mawili alama 10 ndiyo ya kushtua. ASSQ ni ya usingizi (8 na zaidi), AUDIT-C ya pombe (3 kwa wanawake, 4 kwa wanaume), CAGE-AID ya dawa za kulevya (majibu 2 ya ndiyo), na BEDA-Q ya ulaji uliovurugika. Swali la 9 la PHQ-9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lina sheria yake. Jibu lolote lisilo sifuri linashughulikiwa siku hiyo hiyo, ana kwa ana, hata jumla ikiwa 3. Usilikusanye kwenye kompyuta ukalisoma wiki ijayo.

Zipo pia alama zinazopanda bure. PHQ-9 inauliza uchovu, usingizi na hamu ya kula, na mkimbiaji aliye katikati ya wiki nzito za mazoezi anaweza kupata pointi kadhaa hapo bila kuwa na sonona. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni yenye hitilafu na mtikisiko wa ubongo navyo huiga dalili hizo. Kwa hiyo vipimo vya mwili viende sambamba, na fomu isijazwe asubuhi ya baada ya safari ndefu wala saa chache baada ya kupoteza mechi.

Hatua ya tatu inahusu msaada mfupi na ufuatiliaji, madodoso ya ziada (kamari, kiwewe, umakini, bipola, yaani hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na saikosisi, yaani kuona au kusikia yasiyokuwapo), kisha uchunguzi kamili wa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Dawa zikiingia, angalia kwanza orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Dawa za sonona kama fluoksetini na setralini hazijakatazwa. Methilfenideti inayotumika kwa matatizo ya umakini imekatazwa wakati wa mashindano, na inahitaji kibali cha matumizi kwa matibabu. Wapo wanaoacha dozi kimya kimya kwa kuogopa vipimo. Waulize waziwazi.

Udhaifu mkubwa wa SMHAT-1 ni kwamba haina ratiba ya kurudi. Inakuambia nani anahitaji msaada. Haisemi lini acheze. Mpangilio mzuri unaonekana kwa Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani: alikamatwa akiendesha gari amelewa Septemba 2014, akafungiwa miezi 6, akaingia kwenye matibabu kwanza, mashindano yakafuata baadaye, na mwaka 2016 huko Rio akachukua dhahabu 5 na fedha 1.

Ratiba hiyo andikeni wenyewe, daktari na mchezaji, kabla ya mazoezi ya kwanza. Iseme nani anajua nini, maana kocha anahitaji kujua tu kama mchezaji anaruhusiwa na kwa kiwango gani, majibu ya fomu hayamhusu. Iseme siku za mtaalamu, ambazo safari ya timu haizifuti. Aanze na mazoezi peke yake, kisha na kikundi, kisha mechi isiyo na presha, na madodoso yarudiwe kabla ya kila hatua. Alama zikipanda akiwa tayari amerudi, punguza dakika za kucheza. Miadi ya matibabu isiguswe, hata kama wiki hiyo kuna fainali.