Kubadilisha Shokapu za Toyota Celica ya Mwaka 2000 Hapa Mwanza: Uzoefu Wangu

Ninamiliki Toyota Celica ya mwaka 2000, ile ya kizazi cha saba, na kila siku ninaliendesha gari hilo kati ya Bwiru ninakoishi na Nyakato ninakofanya kazi. Kwa miezi mingi lilikuwa limepoteza utulivu wake: nikivuka tuta, pua ilipanda na kushuka mara mbili au tatu kabla ya kutulia, nikikanyaga breki ghafla liliinamia mbele, na kwenye kona za Pasiansi nyuma iliyumba hata kwa mwendo wa kawaida.

Katika gereji ya kwanza niliyoiendea, fundi alikandamiza kona ya mbele kwa mikono miwili, akaiachia, kisha akasema shokapu ni nzima na kasoro iko kwenye matairi. Nilimwamini, nikanunua matairi mawili mapya ya mbele. Miezi michache baadaye nilipitisha kiganja juu ya tairi la kushoto nikahisi mabonde madogo yanayofuatana kulizunguka lote. Tairi huliwa hivyo pale shokapu inaposhindwa kulizuia gurudumu lisidunde, likawa linaigusa lami kwa kurukaruka badala ya kuikanyaga mfululizo. Iliniuma sana, kwa sababu fedha zile zingetosha kununua shokapu za mbele.

Fundi wa pili, wa Nyakato, hakukandamiza chochote. "Bosi, gari ya hivi usiipime kwa mikono," aliniambia. "Springi zake ni ngumu, utaibonyeza mpaka uchoke na haitakwambia kitu." Alilipandisha kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akafungua magurudumu na kulisukuma juu buti la mpira linalokinga fimbo ya shokapu. Fimbo ya kushoto ilikuwa imelowa, na mafuta yalikuwa yametiririka hadi chini ya kopo, yakashika vumbi na kuganda kama tope jeusi. Alinieleza kwamba ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili si wa kutisha, bali mchirizi unaoteremka ndio unaoonyesha kwamba shokapu imekwisha. Ndani ya shokapu, pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ukinzani huo ndio unaotuliza springi. Mafuta yakipungua, springi hubaki ikicheza peke yake. Ya kulia haikuwa imevuja, lakini hubadilishwa kwa jozi, na kwa umri wa gari nikaamua kubadilisha zote 4.

Nilinunua shokapu za gesi za chapa ya KYB, pamoja na maunti mpya za juu za mbele (vishikio vinavyofunga shokapu kwenye bodi), kwa shilingi 720,000. Ufundi ulikuwa shilingi 100,000. Nilisimama pale muda wote wa kazi, na ninaisifu bila kusita. Springi aliibana kwa vibano viwili, akizungusha kidogo huku na kidogo kule ili isibonyee upande mmoja, kwa kuwa springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua mtu. Kila shokapu mpya aliisimamisha wima na kuisukuma juu na chini mara kadhaa ili hewa itoke. Fimbo hakuishika kwa koleo hata mara moja, maana mkwaruzo mmoja tu hukata sili. Boliti za bushi (vipande vya mpira vya kwenye maungio) za nyuma alizikaza mwisho kabisa, baada ya gari kushushwa na kubeba uzito wake. Zikikazwa likiwa linaning'inia, mpira hukaa umejipinda na kupasuka mapema.

Shokapu za mbele za gari hili hufungwa kwenye nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu, kwa boliti mbili, na kuzifungua huvuruga pembe ya gurudumu. Kwa hiyo tulikwenda kufanya alaimenti, yaani kunyoosha upya pembe za magurudumu, siku hiyo hiyo.

Tofauti niliisikia kwenye tuta la kwanza: gari lilipanda mara moja, likashuka, likatulia. Usukani sasa unajibu mapema na breki hazilizamishi tena pua. Kwenye barabara za mawe za Bwiru, kwa mwendo wa polepole, limekuwa gumu kuliko nilivyotarajia, na bado kuna mlio mdogo wa chuma kugonga upande wa kulia unaotokana na linki ya stabilaiza (kifimbo cha kwenye mfumo unaozuia gari kulala kwenye kona), ambayo ilistahili kubadilishwa siku ile ile gari likiwa limefunguliwa. Yale matairi mawili nimeyahamishia nyuma. Yanavuma nikifika kilomita 60 kwa saa, kwani bonde likishachongeka kwenye tairi shokapu mpya haiwezi kulifukia.