Chakula cha ndama anayenyonya: cha unga au cha tembe (unga ulioshindiliwa kuwa vipande vidogo)?
Mifuko miwili ikiwa na protini sawa, asilimia 18 hadi 20, tofauti hutokana na umbo. Unga ni nafuu na unachanganyika nyumbani. Ila ukisagwa laini mno humwingia ndama puani akakohoa, na ukilowa mate hugandamana na kuchacha ndooni. Ubaya mkubwa uko tumboni: unga laini huchachuka upesi, asidi huzidi, na vinyweleo vya tumbo la kwanza, vinavyofyonza virutubisho, hushikamana. Ndama hupunguza kula, uzito ukasuasua. Ukishikilia unga, basi paraza mahindi, usiyasage.

Tembe zina vumbi kidogo, tena ndama hawezi kuchagua mahindi akaacha mashudu. Kwa anayenunua, ningesema tembe. Ziminye kwanza: ngumu mno hukataliwa, laini mno hufika zimeshakuwa unga (na umelipia tembe). Chekecha chenga.

Kwa vyovyote, anza siku ya 4 kwa kiganja kimoja, maji safi kando. Mabaki ya jana wape mitamba. Maziwa yakatwe ndama akila kilo 1 kwa siku, siku 3 mfululizo.